Nakala ya Pili

Mtu aliyeko Dar es Salaam akiandika juu ya bahasha "Mushasha, Burundi", kisha akaipeleka posta na kurejea nyumbani kwake ameridhika kwamba wajibu wake ameutimiza, asimlaumu tarishi barua hiyo ikipotea, kwani Mushasha ziko mbili: iko ya Gitega, mtaa ujulikanao kwa kanisa kuu la Kristo Mfalme la Jimbo Kuu Katoliki, na iko ya Muyinga, kaskazini-mashariki ya nchi, upande uelekeao mpaka wa Tanzania. Neno moja tu, Gitega au Muyinga, lingaliiokoa barua ile. Na la ajabu ni kwamba mwandishi huyo huyo, ndani ya bahasha, yamkini ametumia mistari mitatu kumwarifu mwenzake kuwa anachukua fursa hii adhimu kumwandikia barua hii, jambo ambalo mwenzake, maadamu barua anayo mkononi, hakuwa na haja ya kuambiwa. Taksiri hizo mbili, maneno kuzidi pasipohitajiwa na kupungua panapohitajiwa, aghalabu humpata mtu mmoja katika ukurasa mmoja, na chanzo chake ni kimoja: hakuirudia nakala yake akaisoma kwa jicho la yule atakayeipokea.

Kuirudia huko ndiko kuhariri, na makala haya yanakusudia kueleza namna ya kuhariri ibara ya Kiswahili, hasa kwa wale wanaoiandika lugha hii mbali na pwani, kwenye milima ya Burundi, ambako wengi waiandikao hawakuinyonya kwa mama zao. Dai langu ni hili: ufupi wa Kiswahili umo ndani ya kitenzi chake, na mwandishi akiisha kukitendea haki kitenzi, maneno mengi ya ziada humtoka yenyewe, pasina haja ya kuyawinda moja moja.

Yafaa kwanza hali ya lugha katika nchi hiyo ielezwe kidogo. Kiswahili kina umri mrefu katika Burundi: Padre J. M. M. van der Burgt, Mholanzi wa Shirika la Mapadre Weupe, alipoichapisha kamusi yake ya Kifaransa na Kirundi mwaka 1903, aliona ni jambo la maana kuweka kando ya maneno ya Kirundi maana zake kwa Kiswahili na Kijerumani, na Wajerumani walipoyahamisha makao ya serikali yao kutoka Usumbura kwenda Gitega mwaka 1912, Kiswahili kilikwenda pamoja na makarani, askari na wafanyabiashara. Tangu nchi iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, haja ya kukiandika imezidi, na watoto wanafundishwa lugha hii katika shule za msingi. Walakini majalada ya ofisini yamekuwa ya Kifaransa kwa miaka mingi mno, na Mrundi aliyesoma, anapokaa kuandika tangazo kwa Kiswahili, huweka mbele yake mifano mitatu asiyoitambua: fikra yake huja kwa Kirundi, adabu ya barua huja kwa Kifaransa cha ofisini, na misamiati huja kutoka katika redio za Tanzania. Tazama tangazo hili, nililolitunga kwa ajili ya mfano, lakini ambalo ndugu zake wa damu wamebandikwa kwenye mbao nyingi za matangazo:

"Kwa niaba ya uongozi mzima wa chama chetu na kwa niaba yangu mimi binafsi, napenda kuchukua nafasi hii adhimu ili kuweza kuwafahamisha ndugu wanachama wote kwamba kutafanyika mkutano ambao utakuwa na madhumuni ya kufanya mazungumzo kuhusiana na suala zima la ukarabati wa bomba la maji, mkutano ambao unatarajiwa kufanyika siku ya Jumamosi ya wiki ijayo mnamo saa 8, na wanachama wote mnaombwa kufika bila ya kukosa."

Maneno ni 66, na sarufi yake haina kosa kubwa. Mtu asomaye kwa haraka husema kwamba ni tangazo zuri, tena lenye heshima. Lakini mwanachama mwenye nia njema, aliyevaa koti lake Jumamosi na kutoka nje, ataelekea wapi? Mahali hapakutajwa. Maneno 66 yametiririka, na lile moja ambalo bila yake mkutano hauwezi kuwapo limesahauliwa, wala si kwa bahati mbaya: mwandishi aliyeshughulishwa na nafasi adhimu na suala zima alihisi, kwa wingi wa wino alioutumia, kwamba amekwisha sema yote. "Wiki ijayo" nayo ni ya lini? Aliyelisoma tangazo Jumatatu na aliyelisoma Jumapili watakuwa na Jumamosi mbili mbalimbali. Na hiyo saa 8 nitairejea, maana ina hadithi yake.

Kuhariri kwa mara ya kwanza kungalileta haya: "Ndugu wanachama, Jumamosi tarehe 14 Machi, saa mbili asubuhi, tutakutana katika uwanja wa shule ya msingi tuzungumzie ukarabati wa bomba la maji. Tafadhali msikose." Hayo ni maneno 24, yamepungua kwa zaidi ya nusu, ilhali yameongeza tarehe, mahali na sehemu ya siku. Wengi wangeishia hapo wakajipongeza. Lakini mhariri mwenye kuijua kazi yake hamwachi mwandishi bado, bali humwuliza: ni mazungumzo gani hasa mnayoyakusudia? Na mwandishi, baada ya kujikuna kichwa, hukiri kwamba bomba limepasuka, fundi amekwisha taja bei, na kinachotakiwa ni kila nyumba itoe fedha. Basi tangazo la kweli ni hili: "tukate shauri kila nyumba itoe kiasi gani ili bomba la maji litengenezwe." Hapo ndipo inapodhihiri siri ya maneno mengi: mara nyingi mwandishi huyatanda juu ya jambo analoona haya kulisema, na mhariri akiyaondoa, jambo hubaki wazi, likasemwa au likaachwa. Mwanachama ajuaye kwamba anaitiwa mchango ataudhika kidogo, lakini atakuja na jibu; aliyeitiwa suala zima atakuja mikono mitupu na kuudhika zaidi.

Sasa tukitazame kitenzi. Kiswahili kimejaliwa utajiri ambao lugha nyingi za Ulaya hazinao, yaani kubeba ndani ya neno moja mtenda, wakati, mtendwa au anayetendewa, na namna ya kutenda. Neno "walituandikia" lina habari ambazo Mfaransa huzigawa kwa maneno matatu au manne. Mwandishi atumiaye lugha yenye vitenzi vya namna hiyo, kisha akaviacha vikae bure na kuweka mahali pake majina yenye kukokotwa na "kufanya", "kutoa" na "kuwa na", anaikana neema aliyopewa. "Walifanya uamuzi wa kutoa msaada kwa mjane" ni "waliamua kumsaidia mjane". "Alinunua nguo kwa ajili ya watoto wake" ni "aliwanunulia watoto wake nguo". "Alisababisha wasikilizaji wapate kucheka" ni "aliwachekesha wasikilizaji". "Walikuwa na kawaida ya kutumiana barua baina yao wao kwa wao" ni "waliandikiana" au, kama kawaida ni muhimu, "walikuwa wakiandikiana". Na "barua ambayo niliipokea" mara nyingi ni "barua niliyoipokea" tu, ingawa "ambayo" ina mahali pake, mathalani penye kitenzi cha kukanusha chenye wakati uliopita, au pale ambapo kirejeshi kimekaa mbali na jina lake na msomaji angeweza kupotea.

Yapo mafao ya pili ya kitenzi, nayo yanahusu usahihi kuliko ufupi. Mweka hazina aandikaye kwamba "fedha zimepotea" hajasema sawa na aandikaye "fedha zimeibwa", na aandikaye "fedha zimetumika" amejificha nyuma ya kiambishi, kwani "nimezitumia" ingemtaka atoe hesabu. Kikombe "kilichovunjika" hakina mkosaji. Kikombe "kilichovunjwa" kinaye, hata kama hatajwi. Katika taarifa ya ajali, katika mukhtasari wa kikao, katika barua ya mwalimu kwa mzazi, kiambishi kimoja huamua nani atabeba dhima, na mhariri akiona "-ika" katika taarifa ya fedha hana budi kusimama na kuuliza, bila ya kumdhania mtu ubaya: ni nani?

La kutia moyo ni kwamba Mrundi hana haja ya kujifunza akiba hii upya. Kirundi kinayo ile ile: kulima ni "kurima", na kumlimia mtu ni "kurimira", kuona ni "kubona", na kuonana ni "kubonana". Bibi wa kijijini kwake, aliyepo mlimani na asiyejua kusoma, hutumia viambishi hivyo kutwa nzima bila ya kupoteza neno. Kwa hiyo wanaosema kwamba Kiswahili kirefu cha Gitega kimetokana na Kirundi wanakisingizia Kirundi; urefu huo umetoka kwenye meza ya karani, ambako mtu alifundishwa kuwa barua isiyoanza kwa "nina heshima ya" ni barua ya mtu asiyesoma. Dawa yake ni nyepesi: mwandishi ajiulize jambo lile angalimwambia vipi bibi yake kwa Kirundi, kisha alitafutie kitenzi chake cha Kiswahili.

Dawa hiyo ina hatari yake vilevile, maana lugha hizi mbili ni jamaa, na jamaa hufanana nyuso na kutofautiana tabia. Kwa Kirundi "gushika" ni kufika, na mwanafunzi aandikaye "tumeshika Gitega salama" amemfanya msomaji wa Tanga adhani kwamba mji umetekwa. "Umugeni" wa Kirundi ni bibi harusi, hali mgeni wa Kiswahili ni yeyote aliyebisha hodi. "Kwiga" ni kusoma shuleni, ilhali kuiga ni kufuata ya mwingine, na mwanafunzi mwenye kuandika "nimeiga miaka sita" amejitangaza bila ya kukusudia. Maneno ya jinsi hii hayatambuliwi kwa kuwa na shaka nayo, kwa sababu mwandishi hana shaka nayo hata kidogo. Yatambuliwa kwa kuwa na orodha. Kila mwandishi mwenye lugha mbili ajiwekee yake, fupi, aliyoijaza kwa makosa yaliyokwisha mpata, na aipitie kila anapomaliza nakala ya kwanza.

Turudi kwenye saa 8. Katika Kiswahili, na katika Kirundi pia, siku huhesabiwa tangu jua lichomozapo, na saa mbili asubuhi ni ile ambayo saa ya mkononi huionyesha kwa tarakimu 8. Aliyelelewa na Kifaransa cha ofisini, akiandika tarakimu 8 katika tangazo la Kiswahili, huenda amekusudia asubuhi, na msomaji wake akaelewa saa nane mchana. Tofauti yao ni saa sita kamili, muda wa kutosha mkutano kwisha na viti kurudishwa. Huko Muyinga jambo huzidi ugumu, kwani ukiufikia mpaka wa Kobero na kuvuka upande wa Kabanga, wilaya ya Ngara, saa husogea mbele kwa saa moja, kwa kuwa Burundi inafuata saa za Afrika ya Kati na Tanzania inafuata za Afrika Mashariki. Mwenye kuandika "lori litaondoka mpakani saa tatu" amewapa madereva wawili nyakati mbili mbalimbali, na kila mmoja ana haki yake. Ibara sahihi ni "saa tatu asubuhi kwa saa za Burundi", na hakuna mhariri mwenye akili atakayeliona neno hata moja hapo kuwa la ziada. Kadhalika Kirundi hutumia neno "ejo" kwa siku iliyotangulia na kwa siku ijayo, na kitenzi ndicho kinachoonyesha ipi. Anayekihamisha Kirundi chake moja kwa moja aangalie sana kama kalamu imeandika jana pale alipokusudia kesho.

Hata majina ya nchi hubadilika chini ya miguu ya mwandishi. Sheria ya mwaka 2023 iliifanya mikoa ya Burundi kuwa 5 badala ya 18, na Muyinga ikatiwa ndani ya mkoa wa Buhumuza pamoja na Cankuzo na Ruyigi. Aandikaye "mkoa wa Muyinga" anaweza kuwa sahihi kwa habari za mwaka 2010 na kukosea kwa anwani ya leo. Usahihi una tarehe yake.

Nimesema ya ufupi na ya usahihi. Liko la upya, nalo ndilo gumu, kwa kuwa halina kanuni. Wanafunzi wetu wa Kiswahili, kuanzia Mombasa mpaka Muyinga, wamefundishwa kwamba insha haianzi ila wahenga wawe wametangulia kunena, na wahenga hao, maskini, hunena yale yale kila mwaka: haba na haba hujaza kibaba, mchumia juani hulia kivulini. Methali hizo hazina kosa. Zilikuwa fikra kali siku ya kwanza zilipotamkwa, lakini kwa kuwa kila mtu anajua mwisho wake kabla hazijafika katikati, haziongezi kitu katika akili ya msomaji. Huzipita kama anavyozipita salamu za kwenye kalenda. Vilevile umati wa watu daima huwa "mkubwa", juhudi daima ni "za makusudi", mapokezi daima ni "ya aina yake", na mambo, yawayo yote, "hupamba moto". Mwandishi akiona kwamba neno la pili limekuja lenyewe mara tu alipoandika la kwanza, alishuku. Limekuja kwa mazoea, na jambo lililo mbele yake halikulileta.

Mfano mmoja unanihuzunisha kuliko yote. Mtoto wa Gitega, mji ulio juu kwenye uwanda wa katikati ya nchi, mtoto ambaye hajaiona bahari wala hana ndugu aliyeiona, anaandika kwamba sokoni watu walikuwa wengi "kama mchanga wa baharini", na mwalimu anamtia alama ya vyema. Kwa nini tumfundishe mtoto huyo kuazima macho? Soko la mji wake analijua. Amwone mwenye baiskeli iliyosheheni mikungu ya ndizi, alivyoshuka akaanza kuisukuma, kisha akasimama kabisa kwa kukosa mahali pa kulipitisha gurudumu, na wenye viazi wakamzunguka wakimnung'unikia. Akiyaandika hayo, msomaji ataujua wingi wa watu bila ya kuambiwa kwamba walikuwa wengi. Wala si lazima afananishe na chochote. Akitaka sauti, iko Gishora, karibu na mji huo, patakatifu pa ngoma za kifalme, na mchezo wa ngoma hizo UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014. Akitaka hekima, Padre F. M. Rodegem alikwisha kusanya methali za Kirundi na kuzichapisha mwaka 1961, na methali ya Kirundi iliyotiwa katika Kiswahili kizuri ingekuwa mpya kwa msomaji wa Lamu. Waandishi wa pwani waliipa lugha hii jahazi, tanga na maji kupwa. Naona ni haki ya waandishi wa bara waipe ng'ombe, mtama na ukungu wa asubuhi milimani, badala ya kuendelea kuomba tanga.

Msomaji mkali amekwisha nigeukia, nadhani, akiniuliza mbona mimi nihubiriye ufupi naandika sentensi ndefu hivi. Swali lake ni la haki, na jibu langu ni kwamba ufupi haupimwi kwa umbali wa nukta na nukta. Marehemu Shaaban Robert, ambaye mwaka 1954 alitoa kitabu chake Kielezo cha Insha kwa ajili ya wanaojifunza kuandika, alipenda sentensi zenye mizani pande mbili, na nyingi zake ni ndefu. Lakini jaribu kutoa neno katika mojawapo, utaona upande mmoja umeinama. Sentensi fupi nayo yaweza kuwa na mafuta: "Ukweli ni kwamba hali ilikuwa ni mbaya" ina maneno saba, na manne yaweza kuondoka. Kinyume chake yuko Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mtu ambaye biashara yake ya pembe na watumwa haina wa kuisifu, lakini habari za maisha yake, alizoziandika mwenyewe na Heinrich Brode akazichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903, zina ibara kavu isiyo na pambo: alikwenda, akafika, akapewa, akapigana. Mwandishi wa leo anaweza kujifunza kwa wote wawili, na mwenye kusema kwamba kuna urefu mmoja tu ulio halali hajawasoma.

Tena tunayo shule ya kale ya kupima maneno, nayo ni shairi. Mwaka ule ule wa 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, kusini ya Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, alitoa kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi, na mtu aliyezoea kuitia fikra yake katika vipande viwili vya mizani nane hujifunza upesi kwamba "kwa ajili ya" humla mizani mitano na "-ia" humla mmoja. Nawashauri waandishi wa nathari wajaribu zoezi hilo, japo hawakusudii kuwa washairi. Lakini nisiwafanye washairi malaika: wapo waliojaza mistari kwa "sikizani" na "nawambia" na "kwa yakini", wakapata mizani sawia na maana haba.

Sasa lipo la kukanya, maana nimekwisha waona wahariri vijana ambao, wakiisha kuonja utamu wa kukata, hawajui pa kusimamia. Salamu si mafuta ya sentensi. Barua ya mpwa kwa mjomba wake iliyoanza kwa shikamoo, ikauliza hali ya nyumbani, ikamtaja bibi aliyekuwa mgonjwa, ndipo ikaingia katika haja, imekwenda mwendo wa adabu yetu, na anayeikata mpaka ibaki haja peke yake amemfanya kijana aonekane mdai. Rambirambi nayo hurudia. Husema pole mara mbili na tatu, kwa kuwa msiba hausikii mara ya kwanza. Katika lugha yenyewe kurudia ni sarufi: "walikuja mmoja mmoja" si "walikuja mmoja". Na tangazo linalosomwa kwa sauti, kama yanavyosomwa mengi baada ya misa au baada ya sala ya Ijumaa, laruhusiwa kuitaja siku na mahali tena mwishoni, kwa sababu msikilizaji hana mstari wa kuurudia kwa macho. Kwa hiyo kipimo cha neno la ziada ni kazi yake kwa huyo atakayelipokea, kwa hali atakayokuwa nayo, na mhariri asiyemfikiria mtu huyo anapogoa bila kujua mti ni wa matunda gani.

Namna ya kutenda ni sahali. Iache nakala ilale usiku mmoja. Isome kwa sauti, na pale ulimi unapokwama au pumzi inapokatika, tia alama, usisahihishe bado. Kisha mpe mtu asiyeijua habari ile, hasa asiye msomi, umwombe akusimulie alichokielewa. Alipokosea yeye, umekosea wewe. Ndipo ushike kalamu, na uanze na mambo kabla ya maneno: nani, wapi, lini, kiasi gani, nani afanye nini. Ukianza na maneno utaipamba aya ambayo huenda yote haitakiwi.

Wala mtu asione kwamba kuirudia kazi yake ni fedheha. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 ilitokana na kamati zilizokaa kuzipitia upya tafsiri za Unguja na za Mombasa, neno kwa neno. Mwalimu Julius Nyerere, akiwa Rais mwenye nchi changa ya kuiongoza, alitoa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar mwaka 1963, na ingawa hapakuwa na wa kumlazimisha, aliirudia, akairekebisha, na mwaka 1969 ikatoka tena kwa jina la Juliasi Kaizari, hata jina la kitabu likiwa limeshonwa upya ili lilingane na ulimi wa Mswahili. Ikiwa mtu mwenye shughuli za namna hiyo alipata wasaa wa nakala ya pili, katibu wa chama cha maji hana udhuru.

Nina ombi kwa walimu wa Kiswahili wa Gitega na wa Muyinga, na kwa wenzao wa Ngara na Kigoma wanaosahihisha madaftari yanayofanana na yao. Insha inayoandikwa kwa kipindi kimoja na kutiwa alama jioni humfundisha mtoto kwamba kuandika ni kumimina. Punguzeni idadi ya insha, hata zikibaki nusu. Nakala ya kwanza irudisheni bila ya alama, ikiwa na maswali matatu tu pembeni, na alama zote ziwekeni katika nakala ya pili.